Kufungua na Kuzibua: Kiswahili na Elimu ya Kumbukumbu

Ipo rai iliyozoeleka, hata miongoni mwetu tunaokisomea Kiswahili, kwamba lugha hii ni ya ushairi na siasa, na kwamba sayansi ikishafika ndani ya seli haina budi kuhamia Kiingereza. Rai hiyo naipinga kwa mfano mmoja tu: jinsi ubongo unavyohifadhi kumbukumbu.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, mna sehemu iitwayo hipokampasi, jina lililotokana na umbo lake la yule samaki mwenye kichwa cha farasi. Seli za neva za hapo hupashana habari kupitia mwanya mwembamba, sinapsi, ambamo seli moja humwaga kemikali iitwayo glutameti. Ng'ambo ya mwanya vipokezi vinangoja. Vya aina ya AMPA hufunguka mara tu glutameti inapovishika, sodiamu ikaingia. Vya NMDA navyo hufunguliwa na glutameti iyo hiyo, ila njia yake imezibwa na magnesiamu. Sharti seli ipokeayo iwe imekwisha kusisimka kwa umeme ndipo kizibo kitoke na kalsiamu ipite. Kalsiamu hiyo huifanya seli iongeze vipokezi vya AMPA, na tangu hapo hodi ile ile huitikiwa kwa nguvu zaidi.

Msomaji atambue kwamba kufungua si kuzibua. Bomba lililofunguliwa huku limezibwa na tope halitoi maji. Mtoto yeyote aliyetumwa kuteka anajua. Mnyambuliko wetu wa vitenzi umeibeba tofauti ambayo nadharia nzima imeegemea, nasi twadai lugha haitoshi!

Nadharia yenyewe si ya kubahatisha. Mwaka wa 1973 Bliss na Lømo walieleza kwamba msisimko mfupi katika hipokampasi ya sungura huimarisha mawasiliano ya seli kwa saa nyingi. Mwaka wa 1986 Richard Morris na wenzake wakaonyesha kuwa panya waliozibiwa vipokezi vya NMDA kwa dawa hutatizika kukumbuka mahali palipofichwa jukwaa majini.

Majina tumeyatohoa, kama Kiingereza kilivyotohoa ya Kigiriki. Istilahi za biolojia TUKI ilizichapisha tangu 1990. Kilichokosekana ni matumizi, na hasara yake haiishii darasani. Mtu apatapo kiharusi, seli zilizokosa oksijeni humwaga glutameti kupita kiasi, kalsiamu ikafurika, seli zikafa. Ndiyo sababu kila dakika ya kuchelewa hugharimu. Jamaa wa mgonjwa huambiwa nini kati ya haya, na kwa lugha gani? Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi.

Napendekeza kila toleo la jarida hili litenge kurasa mbili kwa mwanafunzi wa udaktari au biolojia aandike kuhusu fani yake, nasi wa fasihi tumharirie. Tahakiki za riwaya, yangu ikiwemo, zinaweza kusubiri.