Msiisingizie Sauti Iliyobanwa

Kyela mjini ukitaja muvi utajibiwa neno lilelile: sauti ya Netflix imebanwa mno, bora za flashi. Mimi nakataa.

Imebanwa, ndiyo. Sauti ya 5.1, yaani njia tano na moja ya besi, isiyoguswa hula kilobiti 4,608 kwa sekunde. Netflix tangu Mei 2019 hutuma hadi 640. Lakini Batman Returns, filamu ya kwanza kutolewa rasmi kwa mfumo wa sauti wa Dolby Digital, iliingia kwenye kumbi za sinema mwaka 1992 na kilobiti 320 tu. Kwa mfumo huohuo, DVD tulizokuwa tukizigombania hazikuvuka 448. Na hiyo flashi? Ili muvi nyingi zienee, sauti hubanwa upya na mara nyingi hubaki njia mbili, kushoto na kulia. Mnakimbia mvua mnaingia ziwani. Bando likiyumba Netflix nayo hushuka hadi 192. Hapo nakiri, makofi na mvua huanza kukwaruza.

Kinachotuponza kiko sebuleni. Juzi nilikaribishwa Ipinda kusikiliza sabufa mpya: spika tano zimepangwa juu ya kabati la TV kama vyungu vya Wakisi gulioni Matema, zote zikimtazama mgeni. “Kaka, huu ni mziki wa 5.1,” mwenyeji akasema. Nikachungulia nyuma. Waya mmoja wenye mikia miwili, mwekundu na mweupe. Nikachomoa mwekundu. Spika ya kulia ya mbele na ile ya kulia iliyopaswa kukaa nyuma zikanyamaza kwa pamoja. Ile ya nyuma ilikuwa ikirudia maneno ya mwenzake tangu siku iliyonunuliwa! Bluetooth nayo haimwokoi mtu: huchukua njia mbili zilezile, tena huzibana kwa mara ya pili. 5.1 ya kweli hupita kwenye HDMI au waya wa mwanga, na ipokelewe na chombo kinachoielewa.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Kuta tupu, sakafu ya saruji, bati bila dari. Mvua ya Aprili ikianza kulipiga bati la Kyela, hata sauti ambayo haijabanwa kabisa haitakufikishia mnong'ono wa mwigizaji. Zulia na pazia zito vingesaidia kuliko sabufa ya pili, ila havina taa za kuwakawaka.

Leo usiku, kabla hujaongeza bando, chomoa mkia mwekundu kisha sikiliza spika ya kulia ya nyuma.