Kipimo cha Chombo Kisichokuwako

Wako watu wasemao kwamba kuunda mfano wa chombo cha anga ambacho hakijapata kuwako ni mchezo usio na sheria. Mfano wa meli, wanasema, waweza kusahihishwa kwa kwenda bandarini na kamba ya kupimia. Lakini ni nani awezaye kusahihisha ndoto? Msomaji, hoja hii yapendeza masikioni, lakini ni hoja ya wavivu.

Itazame Orion, chombo cha abiria kilichoonyeshwa mwaka 1968 katika sinema ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey. Hakikuruka kamwe. Kilipakwa alama ya Pan Am, shirika la kweli la ndege la Marekani, nalo lilifungwa mwaka 1991, miaka kumi kabla ya mwaka utajwao katika jina la sinema hiyo. Hata hivyo, ndani yake mna safu za viti, na abiria mmoja amelala huku kalamu yake ikielea hewani. Sheria i hapo. Penye abiria pana kiti na mlango, na kimo cha mwanadamu hakibuniwi na mtunga hadithi.

Ukishika kipimo cha 1 kwa 144, mtu wa sentimeta 180 huwa milimeta 12 na nusu. Kata mlango wa milimeta 8, nawe umewaamuru abiria wako waingie kwa kutambaa. Jenga ubavu kwa kadibodi ya milimeta 3, nao una unene wa sentimeta 43; madirisha yake yatafanana na matundu ya mizinga katika Ngome ya Yesu. Aundaye mfano wa meli hunakili yaliyokwisha kuamuliwa na wengine. Wewe huna wa kumnakili, huna budi kuamua mwenyewe.

Mafundi wa Kubrick walilijua jambo hili. Mfano wao mkubwa wa Discovery, chombo kingine cha sinema hiyo, ulizidi meta 16, na juu ya mifano yao walibandika vipande vidogo vidogo vya vifaa vya kuundia vinyago vya plastiki vya dukani, ili jicho lipate cha kukisia ukubwa.

“Nani atayatazama hayo?” huuliza mvivu. Kila mwenye macho, bwana!

Basi kabla hujagusa gundi, chonga mtu mmoja wa milimeta 12 na nusu, umsimamishe mezani, kisha ukate mlango.