Mlango wa Uhandisi Hufungwa Mapema

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, hurejea kilio kile kile katika mitaa ya Mtopanga na Kisauni kwa jumla. Mtoto amepita vizuri, mzazi amekwisha kuwaarifu majirani kwamba nyumba yake itatoa mhandisi, kisha wakati wa kuomba nafasi ya chuo unapowadia inabainika kwamba kozi hiyo haimkubali hata kuiomba. Hakufanya Fizikia.

Lawama huelekezwa upesi kwa KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo. Twaona kwamba lawama hizo haziko mahali pake. Shirika hilo hukuta uamuzi umekwisha kukatwa miaka miwili nyuma, siku mwanafunzi alipomaliza Kidato cha Pili na kuchagua masomo ya kuendelea nayo.

Yafaa wazazi waelewe jinsi mambo yalivyo. Katika mfumo wa 8-4-4, mtahiniwa hufanya masomo yasiyopungua saba, na miongoni mwayo lazima yawemo mawili ya sayansi. Anayechukua Kemia na Biolojia amekwisha kutimiza sharti hilo, na anaweza kuiacha Fizikia bila ya kuvunja kanuni yoyote. Wengi huiacha kwa kuwa imevumishwa kuwa ngumu. Lakini nafasi za uhandisi hugawanywa kwa kutazama alama za masomo manne, na humo Hisabati, Fizikia na Kemia hazikosi. Alama ya C+ humpa mtu haki ya kuomba shahada, haimpi uhandisi. Penye waombaji wengi kuliko nafasi, mwenye alama nzuri ya jumla anaweza kuachwa nyuma na mwenzake aliyemshinda katika masomo hayo machache.

Asidhani mtu kwamba tatizo hili litatoweka pamoja na 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho ni wa mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na walitakiwa kuchagua mikondo yao wangali Gredi ya 9. Uamuzi, basi, umesogezwa mbele kwa mwaka mzima. Tena kuandikwa katika mkondo wa sayansi peke yake hakutoshi, kwa maana ndani yake mwanafunzi huchagua masomo matatu, na yapo makundi ya masomo yasiyo na Fizikia. Mzazi anaweza kuridhika kwamba mwanawe yuko katika sayansi, kumbe mlango wa uhandisi umekwisha kufungwa.

Hili latuuma zaidi sisi wa Pwani. Bandari ya Mombasa inategemea wahandisi mchana na usiku, na reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017 inaanzia kwetu. Ng'ambo ya Daraja la Nyali, pale Tudor, kipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho asili yake ni taasisi iliyoanzishwa kuwafunza ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Kilikuwa Mombasa Polytechnic tangu 1972, kikapata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2013. Umbali si kisingizio. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mtoto ukweli kwa wakati wake.

Hatusemi kila mtoto awe mhandisi. Kumlazimisha asiyeipenda Hisabati, ili mzazi apate la kujivunia barazani, ni dhuluma. Wala njia si moja. Mwenye C- anaweza kusomea stashahada ya ufundi, na akijitahidi akaendelea hadi shahada. Aidha, mwombaji asilewe jina la kozi. Bodi ya Wahandisi ya Kenya ndiyo inayowasajili wahandisi kwa sheria ya 2011, na kwa miaka mingi imekuwa na mvutano na baadhi ya vyuo juu ya kozi inazozitambua. Ni busara kuuliza kabla ya karo kulipwa.

Twazisihi shule zetu ziwaite wazazi kabla ya masomo kuchaguliwa, si baada yake, na ziwaeleze kwa lugha nyepesi kila somo linaloachwa linafunga mlango gani. Serikali nayo ihakikishe kwamba shule za kutwa zina walimu wa Fizikia na maabara zenye vifaa, kwani mtoto hawezi kulipenda somo ambalo hajapata kulishika kwa mikono yake. Na mzazi, ajapokuwa hakusoma sana, aulize swali moja tu: mwanangu anaacha somo gani, na kwa nini?

Samaki mkunje angali mbichi. Kungoja matokeo ndipo tuanze kushauriana ni kumkunja aliyekwisha kukauka.