Tujifunze wema kwa mbwa, mnyama tuliyemgeuza tusi

Katika Kiswahili, mtu akitaka kumshusha mwenzake kabisa hamwiti simba wala nyoka. Anamwita mbwa. Aliyeteseka husema ameishi maisha ya mbwa, na mzururaji asiye na kwao huitwa mbwa koko. Hata wahenga walituonya kuwa mchezea mbwa huingia naye msikitini. Mnyama anayelinda nyua zetu usiku tumempa kazi ya pili ya kubeba matusi yetu mchana.

Mimi huandika habari za ukanda huu: mikutano ya wakuu wa nchi, foleni za malori mipakani, ugomvi wa mahindi na maziwa, mipaka inayofungwa na kufunguliwa. Ni kazi inayomzoeza mtu lugha ya tahadhari, kwa sababu kila jirani anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Leo naomba ruhusa ya msomaji niyaweke kando maazimio ya Arusha, nizungumze juu ya mbwa. Sifanyi mzaha. Yapo mambo mawili ambayo mnyama huyu huyafanya vizuri kuliko sisi, na jumuiya yetu ya nchi nane inayahitaji sana. La kwanza ni wema usiouliza asili ya mtu. La pili ni matumaini ya kuanza upya.

Tuanzie Gulu, kaskazini mwa Uganda. Kwa takriban miaka 20, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, eneo hilo liliishi chini ya vita vya kundi la LRA la Joseph Kony. Watoto walitekwa wakalazimishwa kushika bunduki. Watu zaidi ya milioni 1 walihamishiwa kambini. Mazungumzo ya amani yalipofanyika Juba kuanzia 2006, mapigano yalipungua Uganda, ingawa waasi walihamia kuwasumbua watu wa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Bunduki zilinyamaza Gulu, lakini kwa wengi usingizi haukurudi.

Mmoja wa watoto wa vita hivyo ni Okello Francis Oloya. Akiwa na umri wa miaka 12 alipofuka baada ya bomu lililofukiwa ardhini kulipuka akiwa kwenye shamba la familia. Baadaye alipelekwa shule ya bweni. Kwa mtoto asiyeona, safari ngumu kuliko zote ilikuwa ya kwenda chooni usiku. Mbwa wa pale shuleni wakaanza kumsindikiza. Hakuna aliyewatuma wala kuwafundisha. Kijana huyo alikua, akasomea saikolojia, na leo anajulikana kwa mradi wa mbwa wa faraja ulio chini ya shirika la The BIG FIX Uganda mjini Gulu. Mradi huo unawakutanisha manusura wa vita na mbwa, wengi wao wakiwa mbwa waliotupwa au kutelekezwa. Mbwa wanachanjwa na kuhasiwa. Manusura wanafundishwa kuwalisha, kuwatunza na kuwaelekeza, kisha baadhi yao huenda kuzungumza mashuleni na vijijini juu ya kuwatendea wanyama kwa huruma.

Msomaji atafakari jambo hilo. Katika vijiji vya Waacholi wanaishi pamoja waliotekwa wakarudi, na wale ambao ndugu zao waliuawa na waliotekwa. Binadamu, hata mwema, ana maswali kichwani. Ulikuwa upande gani? Ulifanya nini huko porini? Ulimuua nani? Mbwa hana swali hata moja kati ya hayo. Anasikia hatua za mwenyeji wake, anatikisa mkia, anamfuata. Kwa mtu aliyezoea kutazamwa kama mkosi, kiumbe anayemfurahia bila kumhoji ni dawa ambayo hospitali zetu za wilaya hazina.

Wataalamu wamejaribu kueleza kinachotokea hapo. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana machoni, homoni ya oksitosini huongezeka mwilini mwa wote wawili. Ni homoni ileile inayohusika na mapenzi ya mama na mtoto mchanga. Binadamu na mbwa wameishi pamoja kwa zaidi ya miaka 14,000, na katika muda huo wamejifunza kusomana nyuso. Wema basi haumfaidi anayepokea peke yake. Anayeutoa naye anapata chake.

Utafiti mwingine unanivutia zaidi, kwa sababu unahusu matumaini. Mwaka 2010 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwafundisha mbwa kwamba bakuli likiwekwa upande mmoja wa chumba lina chakula, na likiwekwa upande wa pili ni tupu. Kisha wakaliweka katikati. Mbwa wengine walilikimbilia kwa furaha, wakiamini watakuta kitu. Wengine walijivuta taratibu, kana kwamba wameshajua ni tupu. Waliojivuta walikuwa hasa wale waliokuwa na hofu kubwa wanapoachwa peke yao.

Tumezoea kusema mbwa ana matumaini kwa maumbile yake, kwamba kila asubuhi kwake ni siku mpya. Utafiti huo unatuambia mbwa mwenye hofu ya kuachwa naye hupungukiwa na matumaini. Kwa hiyo si busara kumlaumu anayejivuta bila kuuliza ameishi vipi.

Mipaka yetu ni bakuli la katikati. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Mpaka wa Rwanda na Burundi ulifungwa na Burundi Januari 2024. Viongozi wanapofungua mpaka hutarajia wananchi wakimbie na kushangilia. Lakini mchuuzi ambaye mtaji wake ulikwisha kwa sababu ya geti lililofungwa usiku mmoja ana haki ya kujivuta. Haitoshi kumhubiria utangamano. Tumpe sababu ya kuamini kuwa safari hii bakuli lina kitu, na kesho litakuwa nacho pia. Matumaini ya raia hujengwa na serikali zinazotabirika, kama vile matumaini ya mbwa yanavyojengwa na mtu anayerudi nyumbani kila jioni.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza ni kwamba mbwa huuma, na kichaa cha mbwa huua. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote wanaambukizwa na mbwa. Waathirika wengi ni watoto. Sitaki mtu yeyote asome makala haya kisha amwache mwanawe acheze na mbwa asiyejulikana. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Ila tazama dawa ya tatizo hilo ni ipi. Kuua mbwa mitaani hakujamaliza ugonjwa huo. Kinachoumaliza ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka. Kisiwani Pemba ugonjwa ulitokomezwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikarudiwa, na ulipofika 2018 ulikuwa umekwisha tena. Somo la Pemba linatuhusu sote: usalama wa mtoto wangu unategemea mbwa wa jirani yangu, na kirusi hakisimami uhamiaji kugongewa muhuri. Kumtendea mbwa wema kwa sindano ya chanjo ni kumtendea wema mtoto usiyemjua, pengine wa nchi nyingine.

Pingamizi la pili ni la dini, na naliheshimu. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata mafundisho yanayoyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na hakuna anayewataka wamlaze mbwa sebuleni. Hata hivyo, masimulizi ya Mtume yanamtaja mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na Qur'ani inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na watu wa pangoni. Wakristo nao wanamjua Lazaro, maskini mwenye vidonda aliyelala mlangoni pa tajiri. Tajiri hakumjali. Mbwa ndio waliomsogelea. Kumtunza kiumbe si lazima kuanze na kumkumbatia.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote, na linatoka Rwanda. Wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, mbwa walikula miili iliyoachwa bila kuzikwa, na wengi wao walipigwa risasi kwa sababu hiyo. Siwezi kumwambia mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake ampende mbwa. Lakini tukumbuke mpangilio wa mambo ulivyokuwa. Waliokuwa na redio, orodha za majina na mapanga ni binadamu. Na kabla ya mapanga yalitangulia maneno. Redio ya RTLM iliwaita majirani mende na nyoka, na mtu akishashushwa hadi kuwa mdudu, kumuua huonekana ni usafi. Mbwa hakuwahi kumwita mtu mdudu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Leo, kila mgogoro unapopamba moto mashariki mwa Kongo au nchi mbili zinapovutana, simu zetu hujaa majina ya wanyama wanayoitwa watu wa upande wa pili. Wanaoandika hayo si waasi wa porini. Ni wasomi, wafanyabiashara, wanafunzi, watu wenye majirani. Kiswahili, lugha tunayoisifu kwa kutuunganisha, kinatumiwa pia kutukana ng'ambo ya mpaka. Tunaofanya kazi kwenye magazeti ya lugha hii hatuwezi kujifanya hatuyaoni.

Nina maombi matatu, na hakuna linalohitaji mkutano wa kilele. Kwanza, wilaya zinazopakana zipange siku moja ya kuchanja mbwa pande zote mbili za mpaka. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iko tayari kwenye kalenda. Pili, serikali zenye manusura wa vita, kuanzia Uganda hadi Burundi na Sudan Kusini, ziende Gulu kujifunza namna gharama ndogo inavyoweza kumrudishia mtu usingizi. Tunajua ushirikiano wa aina hii unawezekana. Usa River, karibu na Arusha, hufundishwa mbwa wa kunusa pembe za ndovu pamoja na askari wa wanyamapori kutoka nchi mbalimbali, na mbwa hao wamefanya kazi bandarini Mombasa na uwanja wa ndege wa Entebbe. Mbwa huyo haulizi mzigo ni wa mkubwa gani, wala hapokei bahasha.

Ombi la tatu ni kwa kila msomaji. Kabla hujatuma neno juu ya watu wa nchi jirani, jiulize kama ungeweza kumwambia usoni mama anayeuza ndizi upande wa pili wa kizuizi. Kama huwezi, lifute.

Wahenga hao hao waliotuonya juu ya mbwa walisema pia kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Akishaiona nchi kavu, hata akiwa amechoka, atapiga miguu mpaka aifikie. Watu wa Gulu wamekwisha kutuonyesha ufuko ulipo. Kilichobaki ni sisi kuacha kuzamishana njiani.