Mji si Pambo la Meza

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wengi wenu mmetuona jioni, kengele ya mwisho ikishalia, tumeinamia madawati mawili yaliyounganishwa. Mkauliza, "Hawa nao wanafanya nini na vizibo vya soda?" Tunapigana vita vya kale. Kanuni za mchezo huu, ziitwazo De Bellis Antiquitatis, zilichapishwa Uingereza mwaka wa 1990. Kila upande una vikosi 12 tu, dadu hutumika kuamua mapambano, na kwa kawaida saa moja haiishi kabla vita havijakwisha. Wenye uwezo hutumia askari wadogo wa madini. Sisi vizibo vinatutosha.

Ugomvi wetu muhula huu ni juu ya mji. Milima na misitu twaiweka mezani bila shida, lakini mji tumeufanya wa hiari. Hata ukiwekwa, ni kasha la kiberiti la kupendeza macho tu. Farasi wanapita katikati utadhani ni uwanja wa mpira. Wenzangu wanasema eti kanuni za mji zitarefusha mchezo, na sisi wa kutwa tuna safari ya kurudi nyumbani. Hoja hiyo naiheshimu, maana hata mimi natembea. Lakini siikubali.

Hebu tutazame historia. Plutarch anasimulia kwamba mwaka wa 272 K.K. Mfalme Pyrrhus wa Epirus aliingia mji wa Argos, huko Ugiriki, usiku wa manane. Ndovu wake hawakuweza kupita langoni mpaka minara iliyokuwa migongoni mwao iteremshwe, kisha ipandishwe tena gizani. Wenyeji wakaamka. Kulipokucha Pyrrhus akataka kutoka, kumbe ndovu mkubwa kuliko wote ameanguka langoni na kuziba njia! Katika msukosuko huo kijana mmoja wa Argos akamjeruhi kwa mkuki. Mfalme alipomgeukia, mamake kijana, mwanamke maskini aliyekuwa akitazama kutoka juu ya paa, alishika kigae kwa mikono miwili akamtupia. Kikampata shingoni, akaanguka kutoka kwenye farasi, akauawa. Jemadari aliyewahi kuwashinda Warumi! Jamani, katika mchezo wetu mama yule yuko wapi?

Wahenga walisema wapiganapo ndovu nyasi huumia. Sisi mezani tumeziondoa nyasi kabisa, tukabaki kudhani kwamba vita ni vya askari peke yao, mahali pasipokaa mtu.

Kwa hivyo napendekeza kanuni 3 fupi. Kwanza, farasi na ndovu wakiingia mjini waende nusu ya mwendo wao. Pili, mwenye mji arushe dadu moja kwa kila kikosi cha adui kilichomo; akipata 6, kikosi hicho kirudi nyuma. Hicho ndicho kigae cha mama. Tatu, mji ukitekwa, mwenyewe ahesabiwe kuwa amepoteza vikosi 2.

Tumezijaribu mara mbili. Nilishindwa zote mbili, tena mji wangu ukatekwa, na bado tulitoka kabla bawabu hajafunga lango. Basi wenzangu, tukipiga kura muhula ujao, mkumbukeni yule mama aliye juu ya paa.