Berlin Imewanyima Wenye Nyumba Umeme Nafuu

Serikali ya Ujerumani imevunja ahadi iliyoiandika yenyewe. Mwaka 2025 vyama vya CDU, CSU na SPD vilikubaliana katika mkataba wao wa muungano kushusha kodi ya umeme kwa watu wote, hadi kiwango cha chini kabisa cha Umoja wa Ulaya. Mwaka huohuo ikatangazwa kuwa viwanda na wakulima watapata nafuu, wenye nyumba wasubiri, kwani hazina haina fedha. Ni uamuzi mbaya, na anayeumizwa zaidi ni yule aliyekubali kuachana na gesi na kupasha nyumba kwa pampu ya joto.

Pampu ya joto ya ardhini hutegemea shimo jembamba la mita 100 hivi. Huko chini ardhi hubaki na nyuzi 10 hivi hata theluji ikitanda juu. Si mvuke mkali kama wa Olkaria, Kenya, ni uvuguvugu tu. Maji yanayozunguka bombani huuchota, nayo mashine huupandisha mpaka utoshe kupasha vyumba. Uniti 1 ya umeme huzaa takriban uniti 4 za joto. Boila ya gesi haijawahi kutoa zaidi ya ilichochoma.

Wapo wanaolalamika kuwa kuchimba ni ghali. Kweli, ila serikali hulipia hadi asilimia 70 ya gharama inazozitambua. Wengine wanataja nyumba kuukuu zinazovujisha joto. Hizo zizibwe mianya kwanza.

Kinachoamua ni bei ya umeme, na hapo ndipo Berlin inapokwepa. Chukua nyumba inayohitaji uniti 15,000 za joto kwa mwaka. Pampu itatumia uniti 3,750 za umeme; kwa senti 40 kila uniti, bili ni euro 1,500. Boila, kwa gesi ya senti 12, itakula kama euro 2,000. Mashine imepunguza nishati inayonunuliwa kwa zaidi ya robo tatu, lakini mwenyewe ameokoa robo tu ya fedha! Nafuu iliyobaki imemezwa na bei ya umeme, yenye kodi ya senti 2.05 kwa uniti, na VAT ya asilimia 19 juu ya kodi hiyo.

Watetezi wa serikali wanasema imechangia gharama za njia kuu za umeme. Sawa. Basi watueleze kwa nini kodi ya umeme wa nyumbani imebaki palepale huku tozo ya kuhifadhi gesi ikifutwa kuanzia Januari 2026. Unamlipa mtu aondoe boila, kisha unamwadhibu kila mwezi kwa kuiondoa, na jirani yake aliyebaki na gesi unamfutia tozo. Hiyo si sera. Ni kuwachezea watu waliokuamini.

Na ni nchi ambayo mwaka 2021 zaidi ya nusu ya gesi iliyoagiza ilitoka Urusi, na mwaka uliofuata bomba la gesi hiyo likafungwa. Wabunge wa Berlin waishushe kodi hiyo hadi senti 0.1 kwa uniti kwa kila nyumba, kama vyama vyao vilivyotia saini.