Si Wati, Wala Wingi wa Bledi

Imeenea miongoni mwa wenye nyumba, na hata miongoni mwa mafundi ambao tungetaraji kwao hukumu iliyo sawa zaidi, itikadi ya kuwa mashine ya mtetemo, yaani ile ya mkononi inayokata, kukwangua na kupiga msasa kwa kubadilishwa bledi tu, hupimwa kwa mambo mawili: wati zilizoandikwa ubavuni mwake, na idadi ya vipande vilivyopangwa ndani ya kasha lake. Mnunuzi huingia dukani, akauliza ni ipi yenye wati nyingi, akahesabu bledi, akalipa, akaenda zake na yakini kwamba amefanya biashara ya faida. Itikadi hii ni batili. Imewatia hasarani watu wengi wasio na fedha ya kupoteza, na kwa sababu hiyo yapasa ipingwe kwa hoja zilizo wazi.

Haiwezekani kukipima chombo kwa haki pasipo kujua kwanza kazi yake na namna kinavyoitenda. Asili ya mashine hii si karakana ya seremala bali ni hospitali. Mwaka 1967 kampuni ya Fein ya Ujerumani, ambayo tangu mwaka 1895 ilikuwa imekwisha kutengeneza drili ya umeme ya kushikwa mkononi, ilitoa msumeno wa kukatia plasta iliyofungwa juu ya kiungo kilichovunjika. Bledi ya msumeno huo haikuzunguka. Iliyumba kulia na kushoto kwa pembe ndogo na kwa kasi kubwa, hata plasta, kwa kuwa ni ngumu na haisogei, ikakatika, na ngozi iliyo chini yake, kwa kuwa ni laini na hufuata mwendo wa bledi, ikasalimika. Kutokana na msumeno huo ndiko zilikotoka mashine za mafundi za leo. Wala mtu asidhani kwamba bledi za sasa, zenye meno makali ya kukatia mbao, zina huruma ile kwa vidole vyake, maana hazina.

Basi nguvu ya chombo hiki imo katika myumbo wake. Bledi huenda na kurudi mara 10,000 hadi 20,000 kwa dakika, na mashine nyingi zilizo sokoni hufanana katika kasi hiyo. Zinapotafautiana sana ni katika pembe. Jino lililo umbali wa milimita 80 kutoka katikati ya mhimili, likiyumba kwa pembe ya digrii 3, husafiri kiasi cha milimita 4 tu. Likiyumba kwa digrii 5, husafiri milimita 7. Aonaye tafauti hiyo kuwa haba na akumbuke kwamba hurudiwa maelfu ya mara kila dakika, na kwamba jino lisilosafiri vya kutosha haliwezi kuutoa unga wa mbao katika mfuo wake, bali husugua pale pale mpaka bledi ikapata moto, mbao ikaungua, na fundi akazidi kukandamiza akidhani mashine haina nguvu. Wati, kwa upande wake, ni kadiri ya umeme unaoingia, si kadiri ya kazi inayotoka. Sehemu ya umeme huo hupotea kwa joto, na katika mashine iliyoundwa vibaya sehemu nyingine huishia katika kuitetemesha mikono ya mshikaji. Kwa hiyo mashine mbili zenye wati 300 kila moja zaweza kuwa mbali mno kwa utendaji, na mwenye kuzilinganisha kwa tarakimu hiyo peke yake hajazilinganisha.

Tuitazame sasa dhana ya pili, ile ya wingi wa bledi, kwa mfano wa kazi inayotendeka kila siku katika nyumba za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja. Mwenye nyumba ataka kutandika vigae juu ya sakafu kuukuu ya saruji, na milango yake ina miimo ya mninga au ya mvule. Vigae pamoja na gundi yake vitainua sakafu, basi ama kila kigae kichongwe kufuata umbo la mwimo, kazi ambayo aghalabu huacha mianya isiyopendeza, ama miimo ikatwe chini ili vigae vipite chini yake. Msumeno wa kawaida wa mkono haulali hata ukafika huko, na grenda, kwa umbo la mviringo la diski yake, haifiki pembeni mwa ukuta pasipo kuijeruhi plasta. Mashine ya mtetemo hulazwa juu ya kipande cha kigae kilichowekwa kuwa kipimo, ikaingia ndani ya mbao kwa unyofu, ikakoma ukutani. Hapo ndipo fadhila yake inapodhihirika, na hapo ndipo kasha la bledi nyingi linapofedheheka. Kwani mninga na mvule si mbao laini, na ndani ya miimo ya kale imo misumari isiyoonekana. Bledi ya chuma cha kawaida, ambayo ndiyo inayojaza makasha mengi ya bei nafuu, hupoteza meno yake kwa msumari wa kwanza. Bledi ya metali mbili hupita katika mbao na msumari wa kawaida pamoja. Ile yenye meno ya kabaidi hukata hata skrubu iliyotiwa ugumu, na ile yenye chembe za kabaidi au almasi hukwangua saruji iliyo baina ya vigae. Bledi njema tatu zilizochaguliwa kwa kazi iliyopo zina manufaa kuliko rundo lisilokuwa na kazi.

Tena kuna suala la mdomo unaoishika bledi, ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa. Tangu mwaka 2016, Fein na Bosch zimekuwa zikitumia mfumo uitwao Starlock, wenye daraja tatu, ambao mashine yake haipokei bledi bapa za zamani. Na ndani ya mfumo huo, bledi ya daraja ya juu haikai katika mashine ya daraja ya chini. Mwenye mashine ambayo bledi zake haziuzwi mjini kwake hana mashine.

Najua watakaonijibu kwa methali ya kale kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali ni ya kweli, lakini humkemea mvivu anayetafuta udhuru wa kutolima. Haikupata kumwamuru mkulima anunue jembe la bati. Wengine watasema kwamba maskini hana uwezo wa kuchagua. Mimi nasema kinyume chake: tajiri akikosea hununua tena, ilhali maskini akikosea hukaa na kosa lake. Ni yeye hasa anayestahili kuambiwa ukweli.

Wala simshawishi kila mtu kununua mashine hii. Haipasui ubao mrefu kwa mstari ulionyooka, haichimbi mfereji wa bomba la umeme katika ukuta wa matofali ya saruji, na anayetaka kazi hizo na aende kwa msumeno au kwa grenda. Kazi yake ni ya mahali penye dhiki: mwimo wa mlango, tundu la mraba katika ubao wa jipsamu, kipande cha fremu kilicholiwa na mchwa, pembe isiyofikiwa na msasa.

Basi wewe unayejiandaa kununua, usilitazame kasha. Uliza pembe ya myumbo ni digrii ngapi. Uliza kama kasi yaweza kupunguzwa kwa ajili ya chuma. Uliza bledi zake huuzwa wapi, moja moja, na kwa bei gani. Hakikisha imeundwa kwa volti 220 hadi 240, maana ile iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 120 wa Marekani itaungua ukiichomeka kwako. Kisha iwashe mikononi mwako kabla ya kulipa, na kama muuzaji hataki iwashwe, toka dukani mwake. Fedha utakayookoa kwa kuacha wati usizozihitaji, inunulie bledi njema, na miwani na barakoa, kwa kuwa vumbi la saruji hudhuru mapafu.